Wageni Niliowaandika Mwenyewe

Ngurumo ilitangulia. Haikuwa ya mvua, kwa kuwa anga la Jinja asubuhi ile lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa. Haikuwa ya lori pia, barabara tulikuwa tumeiacha mbali nyuma. Ilitoka ardhini, ikanipanda miguuni, ikatua kifuani kabla masikio hayajajua yaiite nini. Bwana Tenywa, mwongoza wageni mkongwe aliyepewa kazi ya kunifundisha, alinishika bega mbele ya ukuta wa matete akaniambia nisisogee.

"Unasikia nini?"

"Maji, bwana."

"Maji gani?"

"Makubwa."

"Makubwa! Hata mbuzi angesema hivyo. Fumba macho."

Nilifumba. Nilisimama hadi jua likanichoma shingo, na polepole ile ngurumo moja ikagawanyika. Kushoto kulikuwa na maji membamba yanayokwenda mbio kama watu waliochelewa soko. Katikati kulikuwa na maji yanayogonga jiwe na kurudi. Chini ya yote kulikuwa na maji mazito yasiyosema kitu, na hayo, alinieleza, ndiyo yanayoua. Ndipo alipoyatenga matete kwa fimbo yake, nikayaona maporomoko ya Bujagali.

"Mgeni akiona kwanza," alisema, "anapiga picha, anauliza choo kiko wapi. Akisikia kwanza, anakaa."

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nimestaafu juzi, na vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie niliyojifunza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu kilibadilika mara mbili na sikumbuki tofauti yake.

Bwana Tenywa alikuwa Msoga mfupi mwenye koti moja. Alinifundisha vifaa kabla ya historia. Filimbi: mlio mmoja, simameni, miwili, rudini. Kamba ya katani, hatua ishirini, isiyowahi kutumika kufunga mzigo wa mtu. Majivu kwenye kopo kwa ajili ya siafu. Fimbo, ambayo mwongoza wageni haiegemei, anapimia jiwe kama linacheza. Na kitabu cha wageni, chenye nafasi ya jina, mahali mtu alikotoka, tarehe na maoni, pamoja na penseli iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu watu waungwana wa dunia nzima huondoka na kalamu za wenzao.

Kisha akanifundisha jambo gumu kuliko yote ya pale Jinja, nalo ni kuonyesha kitu kisichokuwapo. Pale Nile inapolitoka ziwa palikuwa na maporomoko mengine, ya zamani, ambayo watu walivuka bahari kuja kuyatazama. Bwawa lilipojengwa, yakazama. Mimi sikuyaona. Bwana Tenywa aliyaona akiwa kijana, na kila siku alisimama ukingoni akionyesha kwa fimbo juu ya maji yaliyotulia: hapa palikuwa na jiwe la kwanza, hapa samaki walikuwa wakiruka, pale povu lilikuwa likimfikia mtu usoni. Nimeona wageni wakijifuta uso.

Siku moja alikuja muuguzi mmoja wa makamo kutoka kisiwa cha Morisi. Alitazama maji yale matulivu, akacheka.

"Kwetu kila cha kutazama kimezungukwa na bahari," alisema. "Mlima, ngome, bustani, vyote vipo pale pale. Mtu akipotea anatembea tu hadi aone mawimbi. Ninyi huku hampotezi wageni?"

"Wageni hatujapoteza hata mmoja, mama," Bwana Tenywa alimjibu. "Tunapoteza maporomoko tu."

Leo Bujagali nayo imezama. Bwana Tenywa angekuwa hai, angekuwa na kazi maradufu.

Baada ya mwaka mmoja walinipeleka Mbale. Mji ule umekaa chini ya ukuta wa mlima wa Wanale, na kutoka sokoni mtu akiinua macho anaona nyuzi nyeupe zikining'inia kwenye jabali. Ni maji hayo. Kituo changu kilikuwa kule juu, nyumba ya mawe ya vyumba viwili, mwendo wa saa tatu kwa mguu, kupitia migomba na kahawa, halafu ngazi za miti zilizofungwa kwenye mwamba. Wageni walilala chumba kimoja, mimi na kitabu tukalala kingine.

Miaka ya kwanza ilikuwa na watu. Familia za Kihindi zilipanda Jumapili na masufuria mazito kuliko watoto wao. Wanafunzi walikuja. Na kila mwaka, mvua za kwanza zilipokatika, alikuja Mwalimu Idrisa wa Malukhu na darasa lake la jiografia. Alikuwa mtu mrefu, Mwislamu wa pale mjini, aliyezoea kusema kidogo. Wanafunzi walipokwisha kuandika mambo yao ya kujisifu kwenye kitabu, yeye alichukua penseli mwishoni na kuandika maneno yale yale kila mwaka: *Maji yapo.* Nilipomuuliza mbona haongezi neno, alisema, "Ukaguzi ndio huo, Rajabu. Nimekuta yapo, nimeandika yapo." Kisha alibaki nyuma akitazama maji yanavyodondoka, bila haraka, hadi wenzake wakamwita kwa filimbi yangu.

Wahindi walifukuzwa, masufuria yakaisha. Wazungu wakaacha kuja. Kisha shule zikaacha kupanda, kwa sababu vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi na hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake aulizwe maswali na mtu mwenye bunduki. Mwalimu Idrisa hakuja mwaka ule. Nilidhani ni sababu hiyo hiyo.

Walinijia wanajeshi mara moja tu, watano, wakihema kwa kupanda.

"Wewe iko nafanya kazi gani hapa?" mkubwa wao aliniuliza.

"Naonyesha wageni maporomoko, afande."

"Wageni iko wapi?"

"Hawajafika, afande."

Alitazama chumba kitupu, akatazama sare yangu iliyopigwa pasi. Nilikuwa naipiga kila Jumatatu, sijui kwa ajili ya nani. "Basi leo sisi ndiyo wageni. Onyesha."

Niliwaonyesha. Niliwafumba macho kama nilivyofundishwa, na ninyi jaribuni kumwambia mtu mwenye bunduki afumbe macho. Walifumba. Mmoja alivua kofia. Kabla ya kushuka, mkubwa wao aliandika kwenye kitabu *Nzuri sana*, bila jina. Ni maoni pekee ya kweli yaliyomo katika kurasa za mwaka ule.

Sasa nimefika mahali ambapo nilikuwa nikipazunguka kila nilipowafundisha.

Ofisi ya Mbale ilituma ujumbe kwamba kituo kitakachokaa miezi mitatu bila mgeni kitafungwa, na nyumba itakabidhiwa jeshi. Kitabu kingekuja kukaguliwa. Nilikuwa nimeandika *hakuna mgeni*, *hakuna mgeni*, siku hadi siku, hadi maneno yale yakafanana na nyayo za mtu anayezunguka nyumba. Jioni moja niliandika jina. Lilikuwa la fundi cherehani wa Namatala aliyewahi kunishonea suruali. Nikampa maoni: *Ngazi ni mbaya, lakini mtu anafika.* Nikacheka peke yangu. Sauti yangu ilinishtua.

Sitawaambia niliandika ili kuokoa kituo. Hiyo ndiyo sababu niliyoipa ofisi baadaye, na ni kweli nusu. Niliwaandika kwa sababu siku niliyomwandika mtu, alikuwa amekuja. Niliwapokea kwenye ngazi. Niliwaambia wafumbe macho. Niliwaandika wenzangu wa shule ya Jinja, majirani wa Kimaka, mtaa wetu kule Jinja, hata muuguzi yule wa Morisi aliyelalamika kwamba hajaona bahari. Nilibadilisha mwandiko, wengine niliwaandika kwa mkono wa kushoto. Mkaguzi alikuja, akafungua, akaridhika, akashuka bila kuyatazama maji.

Na mvua za kwanza zilipokatika mwaka uliofuata, nilimwandika Mwalimu Idrisa. Kwa mkono wa kushoto: *Maji yapo.* Kisha, kwa kuwa sikutaka aondoke, nikamwongezea neno ambalo hakuwahi kuliandika: *Nitarudi.*

Vita vilikuja kwa upande wa barabara ya Tororo. Nilivisikia kutoka juu kama milango inayogongwa mbali. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, mama yangu na ndugu zangu walikimbia Kimaka kuelekea kaskazini wakavuka mpaka, maana sisi ni Wanubi, babu alikuja na jeshi la zamani kutoka Sudani, na watu walikuwa na hasira na kila aliyefanana na bunduki. Mimi nilikuwa juu ya mlima. Habari zilinifikia wakiwa wamekwisha kwenda. Nilipoteremka sokoni mara ya kwanza, nilitamka neno moja la Kiswahili, lugha ya wanajeshi kwa masikio yao, na wanawake watatu wakanyamaza. Toka hapo nikajifunza kuanza na *mulembe*, salamu ya Wagisu, wenyeji wa Mbale, na kuacha Kiswahili changu kije nyuma taratibu, kama mbwa aliyewahi kuuma.

Miaka ilikwenda. Kulikuwa na vita vingine, na serikali nyingine, kisha watu wakaanza kupaka rangi maduka. Ofisi ikafunguliwa upya na karani mpya, Wamono, kijana wa Malukhu mwenye bidii ya kutisha. Aliomba vitabu vyote vya zamani ili aone wageni walitoka wapi, apate kuwaandikia barua warudi. Nikamshushia kitabu changu. Nilimtazama akinakili majina, na nikajiambia kwamba serikali ya Uganda inawaalika wageni wangu wa hewa. Kitabu kilirudi kwangu baada ya wiki mbili, kimefungwa vizuri kwa karatasi ya kaki.

Siku tatu baadaye mwanamke alipanda ngazi peke yake. Alikuwa na umri kama wangu, leso mbili, viatu mkononi. Alikataa kukaa.

"Wewe ndiye Bwana Rajabu?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu. Maji yako upande huu."

"Sikuja kwa maji. Mimi ni Hadija, mke wa Mwalimu Idrisa."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimuuliza, "Mwalimu hajambo?"

Alinieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo katika ofisi nyingi. Watu wa miwani myeusi, makachero wa serikali, walimchukua Mwalimu mbele ya shule, wakamtia kwenye gari, na tangu hapo hakuonekana, hai wala maiti. Ilikuwa mwaka ule ambao hakupanda. Hadija alikuwa amengoja miaka tisa.

"Si mke, si mjane," alisema. "Nimekwenda kwa kadhi. Nimemwambia, anihukumie kwamba amekufa, nikae eda yangu, tumsomee hitma kama Waislamu wengine. Kadhi akasema Alhamisi hii ataamua, lakini kwanza nitafute kila habari. Ndipo kijana Wamono, aliyesomeshwa na Idrisa, akaja nyumbani mbio." Alifungua fundo la leso, akatoa karatasi. "Tarehe hii ni mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kumchukua. Jina lake. *Maji yapo.* Na hili neno la pili. Nionyeshe kitabu."

Nilikileta. Mikono yangu ilikuwa na adabu kuliko mimi; ilifungua ukurasa wenyewe. Aliinama hadi pua yake ikakaribia karatasi.

"Si mwandiko wake."

Upepo uliinua ukurasa, nikaubana kwa kidole.

"Mkono wake ulikuwaje? Walikuwa wamemvunja vidole?"

"Mama Hadija..."

"Niambie tu. Nimesikia mengi, hayanitishi. Vidole vilikuwaje?" Alikwenda hadi ukingoni, akatazama chini. Mabati ya Malukhu yalikuwa yakimetameta. "Na alisimama hapa. Paa letu lile pale, lenye mpapai. Alisimama hapa, mzima, akaliona, akaandika atarudi, akashuka upande mwingine. Kwa nini, Bwana Rajabu? Alikuwa na nani?"

Nilielewa mizani iliyokuwa mikononi mwangu. Nikinyamaza, Idrisa alikuwa hai na amemtupa, na yeye atarudi chini kungoja miaka mingine tisa. Nikisema, atamzika leo, kwa mdomo wangu, na Wamono ataandika ripoti, na nyumba ile ya mawe, kitu pekee duniani kilichokuwa bado kinaniita kwa jina, itakwenda. Nilikuwa na chaguo la tatu, la kumtungia habari nzuri. Nilikuwa hodari wa kutunga. Niliiona ikianza kujipanga, na nadhani hiyo ndiyo iliyonitia hofu nikasema.

"Hakuja, mama. Mimi ndiye niliyemwandika."

"Umemwandika vipi?"

"Hakukuwa na wageni. Niliandika majina ya watu niliowajua. Sikujua amechukuliwa. Wallahi sikujua."

Sikuona hasira. Alichukua ile karatasi, akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya kitabu na kunipa penseli pamoja na uzi wake.

"Andika tena."

Niliishika kwa mkono wa kushoto. Niliandika *Idrisa*. Niliandika *Maji yapo*. Nilifika neno la mwisho nikasita.

"Na hilo pia," alisema.

Nikaliandika. Alilinganisha herufi moja moja, kidole chake kikienda kutoka kitabuni hadi kwenye karatasi na kurudi. Mkia wa *j* ulikuwa ule ule. Alikunja karatasi, akaifunga tena kwenye leso.

"Alhamisi," alisema, "utakuja uyaseme haya mbele ya kadhi. Na kitabu uje nacho." Akashuka na viatu vyake mkononi. Nilimsindikiza kwa filimbi mdomoni bila kuipuliza.

Wakubwa wa ofisi walinihamishia Jinja baadaye, na kituo cha Wanale kikafungwa kwa miaka kadhaa. Jinja ndiko mlikonikuta ninyi, nikionyesha kwa fimbo juu ya maji matulivu. Wengi mmeniuliza mbona siwaruhusu kujaza kitabu jioni kwa kukumbuka, hata kama mgeni mlimwona kwa macho na alisahau tu kusaini. Acheni nafasi iwe tupu. Nafasi tupu ni habari pia, na kuna mtu anaweza kuihitaji.

Alhamisi ile chumba cha kadhi, kando ya msikiti, kilikuwa na meza, mikeka na sisi wanne: kadhi, Hadija, mimi, na Wamono kwa niaba ya ofisi, kitabu nilichokileta kikiwa mapajani mwake. Kadhi alikuwa mzee mnene mwenye mafua. Aliniapisha, kisha akaniuliza kama naelewa kwamba mwajiri wangu anasikia. Nikasema naelewa.

"Ulimwona Idrisa kwa macho yako baada ya siku aliyochukuliwa?"

"Sikumwona, shehe."

"Basi siku iliyoandikwa hapa, nani alifika kituoni?"

"Hakufika mtu. Nilikuwa peke yangu."

"Kutwa nzima?"

"Mwaka mzima, shehe."

Wamono aliinamisha kichwa juu ya kitabu. Kadhi alipenga kamasi, akachukua hati yake, akaandika polepole, akiyatamka maneno kadiri alivyoandika: kwamba hakuna habari ya uhai wake, kwamba Idrisa anahesabiwa maiti, Mungu amrehemu, na kwamba mkewe aanze eda leo, miezi minne na siku kumi. Akapiga muhuri. Hadija aliinua viganja akaomba dua, sisi tukaitikia amina. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa ndoo kichwani na bado anaisikia.

Alisimama, akajitanda leso hadi kwenye paji la uso. Mlangoni aligeuka, akanitazama mimi.

"Siku hiyo uliyomwandika. Ulimpa chai?"

Nilitaka kusema hapana. Wamono alikuwa akinitazama, kadhi pia.

"Nilimpa."

"Na sukari?"

"Sukari haikuwapo, mama. Nchi nzima haikuwapo."

"Asingeitaka," alisema. "Alikuwa akinywa chai bila sukari toka ujana wake. Alikaa muda mrefu?"

"Hadi jua likazama."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea habari za safari ya mtu wake. Kisha akatoka kwenda kuanza eda, akauvuta mlango nyuma yake, na ukajifunga.